Johnson katoka, Truss katoka, Sunak kaingia na hakuna foleni ya kura: hii imekaaje wakuu?

Fundi_wa_Msimbazi

Wakuu habari za muda huu. Naomba shule kwa wajuvi wa siasa za nje mana hapa kijiweni tumebishana na kila mtu kabaki na lake.

Mwaka 2022 Uingereza walianza na Boris Johnson, mwezi wa tisa wakawa na Liz Truss, mwezi wa kumi haujaisha wakawa na Rishi Sunak. Mawaziri wakuu watatu mwaka mmoja, na uchaguzi mkuu wao ulishafanyika Desemba 2019 na uliofuata ukaja Julai 2024. Sasa hapo katikati nani alikuwa anaamua? Mmoja hapa anasema mfalme ndo anateua anayemtaka, mwingine anasema bunge linapiga kura, mimi nikasema haiwezekani nchi kubwa vile ibadilishe kiongozi kama tajiri anavyobadilisha dereva wa daladala, jana huyu leo yule na abiria hawaulizwi.

Na swali la pili, kwetu hapa Tanzania Waziri Mkuu akitoka ni utaratibu huo huo? Matusi sitaki, ushabiki wa vyama pia peleka kule kwenye nyuzi zingine.

Mtu_wa_Reading

Mkuu mimi nipo huku siku nyingi ngoja nikwambie ninavyoona. Siku ya uchaguzi unaenda kituoni, cha kwangu kipo kwenye ukumbi wa kanisa, unapewa karatasi na kuna penseli imefungwa kamba pale kwenye kibanda ili usiondoke nayo. Ile karatasi haina jina la Waziri Mkuu mahali popote. Ina majina ya wanaogombea ubunge wa jimbo lako, basi. Mwaka 2019 Boris alikuwa anagombea Uxbridge and South Ruislip, kwa hiyo waliopiga kura wakaona jina lake ni watu wa jimbo lile tu, sisi wengine wote tulichagua mbunge wetu tukarudi nyumbani.

(Na kwa taarifa ya ndugu zangu, Mtanzania, Mkenya au Mganda mwenye kibali halali cha kuishi huku anaruhusiwa kupiga kura ya ubunge hata kama pasi yake ni ya kwao, sababu ya Jumuiya ya Madola. Wengi hawajui na hawajiandikishi alafu wanalalamika.)

Kwa hiyo wananchi wanachagua bunge. Bunge lina viti 650, na yule anayeweza kuwashika wabunge zaidi ya nusu ndo anaitwa kuunda serikali. 2019 Conservative, chama cha Boris, walipata viti 365. Boris alipotoka wale wabunge hawakutoka naye, wamebaki pale pale, chama bado kina wingi wake, kinachokosekana ni mtu wa kukaa mbele tu. Ndo mana hamkuona foleni.

Mfalme anateua ndiyo, lakini hachagui. Anamwita yule ambaye tayari kila mtu anajua kwamba wabunge wengi wako nyuma yake. Mwenzenu wa kijiweni hajadanganya ila kasema nusu.

Fundi_wa_Msimbazi

Asante mkuu hapo nimekupata kiasi. Sasa huyo wa kukaa mbele anapatikanaje? Wabunge wanakaa chumbani wanakubaliana au?

Wakili_Mtarajiwa

Niongezee hapo kwa mkuu wa Reading. Kwanza tenganisha vitu viwili mana watu wengi hata waandishi wetu wa habari wanavichanganya. Kuna kura ya kutokuwa na imani ndani ya CHAMA, na kuna kura ya kutokuwa na imani ndani ya BUNGE. Ya chama inamtoa mtu, serikali ya chama inabaki. Ya bunge inaitikisa serikali nzima na mara nyingi mwisho wake ni uchaguzi mkuu.

2022 yote yalikuwa ya chama. Conservative wana kitu kinaitwa Kamati ya 1922, ni wabunge wao wasio mawaziri, mwenyekiti wakati ule alikuwa Graham Brady. Mbunge akimchoka kiongozi anamwandikia Brady barua ya siri. Brady anaziweka, hamwambii mtu zimefika ngapi, hata Waziri Mkuu mwenyewe hajui. Kanuni ya kipindi kile ilikuwa zikifika asilimia 15 ya wabunge wa chama, yaani barua 54, anatangaza kura. Tarehe 6 Juni 2022 wakapiga, Boris akapata 211 dhidi ya 148. Kashinda! Na kanuni zao zilikuwa zinasema ukishinda huguswi mwaka mzima.

Mwezi mmoja baadaye hayupo. Kanuni haikumsaidia kitu. Ilikuja ile kashfa ya Chris Pincher, mnadhimu msaidizi wa chama aliyetuhumiwa kuwashikashika wanaume klabuni, na ikajulikana Boris aliambiwa tabia zake zamani akampa cheo hivyo hivyo. Jumanne tarehe 5 Julai jioni Sajid Javid wa afya na Rishi Sunak wa fedha wakatoa barua za kujiuzulu zikipishana dakika chache, Jumatano ikawa mvua, mawaziri, manaibu, wasaidizi, zaidi ya hamsini, mpaka anakosa watu wa kujaza wizara. Alhamisi kasimama nje ya Namba 10, makazi na ofisi ya Waziri Mkuu, anasema anaachia uongozi wa CHAMA. Sikiliza vizuri hapo, hajaacha uwaziri mkuu, ameacha uongozi wa chama, uwaziri mkuu aliendelea nao mpaka Septemba wakati wenzake wanamtafuta mrithi. Nchi haiachwi hata siku moja bila mtu.

Kumtafuta mrithi sasa. Raundi ya kwanza ya kura walianza wagombea wanane, wabunge wanapiga kura wanamtoa wa mwisho, wanapiga tena, mpaka tarehe 20 Julai wakabaki Sunak 137, Truss 113, Penny Mordaunt 105. Mordaunt akaaga mashindano. Wale wawili wakapelekwa kwa wanachama wa kawaida wenye kadi, kampeni nchi nzima, na tarehe 5 Septemba matokeo: Truss 81,326, Sunak 60,399. Kesho yake Boris kapanda ndege kwenda Balmoral kule Scotland alikokuwa Malkia Elizabeth, kajiuzulu, kaondoka, Truss kaingia, kateuliwa. Siku mbili baadaye Malkia akafariki.

Saladi_FC

Na hapo ndo saladi ilipoingia kwenye historia 😂😂 gazeti la Daily Star waliweka saladi mbichi mbele ya kamera wakaivalisha wigi wakasema tuone nani atadumu zaidi, hii saladi kabla haijaoza au Truss madarakani. Saladi ilishinda.

Kiprono_wa_Bonde

Hapo ndipo mimi huwa nakwama. Hebu tuseme ukweli jameni. Uingereza ina watu kama milioni 67. Truss amechaguliwa na watu elfu themanini na moja, hao hawajazi hata uwanja wa Wembley. Na si ati ni wapiga kura waliosajiliwa na tume, ni watu wamelipia kadi ya chama, na hata hukuhitaji kuwa raia, mtu mwenye kadi akiwa Uhispania ama Dubai alikuwa anapiga kura kumchagua waziri mkuu wa nchi ambayo hakai. Mimi Mkenya wa Eldoret tukifanyiwa hivyo hapa tutakuwa barabarani kabla ya saa sita mchana.

Na ile ya Sunak ndiyo mbaya zaidi. Hiyo hata hao elfu themanini hawakuulizwa.

Wakili_Mtarajiwa

@Kiprono_wa_Bonde hoja yako nzito na watu wengi huko huko Uingereza waliisema. Ila angalia kilichotokea kwa utaratibu utaona tatizo halipo pale unapolielekeza.

Truss alipopata zile 113 kulikuwa na wabunge 357 wa chama chake. Yaani chini ya theluthi moja ndo walimtaka. Wanachama wakamrudisha kwa wabunge wakisema huyu hapa mfuateni, na wao hawakuwahi kumtaka. Tarehe 23 Septemba yeye na waziri wake wa fedha Kwasi Kwarteng wakatoa ile bajeti ndogo, kupunguza kodi kama pauni bilioni 45 bila kusema pesa ya kuziba inatoka wapi. Pauni ikaporomoka mpaka kiwango cha chini kuliko vyote dhidi ya dola, riba za mikopo ya nyumba zikapanda, Benki Kuu yao ikabidi iingie sokoni kununua hatifungani za serikali ili mifuko ya pensheni isianguke. Tarehe 14 Oktoba kamfukuza Kwarteng, tarehe 20 Oktoba kajiuzulu yeye mwenyewe, hotuba haikufika dakika mbili. Kiongozi mwenye wabunge nyuma yake anaweza kukosea bajeti akasimama tena, yeye hakuwa na mtu.

Baada ya hapo Kamati ya 1922 wakaweka masharti wanayojua wenyewe: mgombea lazima adhaminiwe na wabunge 100, na muda ni siku chache tu. Ukiwa na wabunge 357 hesabu rahisi, hawawezi kupita zaidi ya watatu. Boris akakatisha likizo yake ya Karibiani akarudi, akahesabu, Jumapili usiku akajitoa. Mordaunt akajitoa dakika za mwisho mwisho kabla ya saa nane mchana Jumatatu tarehe 24. Kabaki Sunak peke yake, kesho yake Mfalme Charles kamteua.

Wewe unaita hiyo mbaya zaidi. Mimi naona ndo ilikuwa sahihi kuliko ya kwanza. Waziri Mkuu anaishi kwa kura za wabunge kila siku, bajeti, miswada, kila kitu, kwa hiyo wanaopaswa kumchagua katikati ya kipindi ni hao hao wabunge, na hao wabunge wana majimbo yao watakayojibu. Ile ya kuingiza wanachama wa kadi katikati ndo inakuletea mtu ambaye bunge halimtaki. Conservative zamani hawakuwa nayo hiyo, wanachama wamepewa kura miaka ya 1998 hivi kwenda mbele. Kabla ya hapo ni wabunge tu.

Kiprono_wa_Bonde

Wakili unatetea klabu ya watu mia tatu sasa. Sawa, wabunge wana majimbo, lakini 2019 hao wabunge walichaguliwa kwa picha ya Boris na manifesto ya Boris. Mtu wa kule kaskazini aliyekuwa wa chama pinzani cha Labour maisha yake yote akahamia Conservative kwa sababu ya Boris, ukimletea Sunak umemuuzia kitu kingine. Angalau mpe uchaguzi ndani ya miezi sita.

Mtu_wa_Reading

Kiprono hoja ya picha ni kweli, kampeni za huku siku hizi ni za viongozi, mabango yana sura ya kiongozi, midahalo ya tivii ni viongozi. Ila sheria haiangalii bango. Gordon Brown alimpokea Tony Blair Juni 2007 bila mpinzani hata mmoja, hakuna kura ya mwananchi wala ya mwanachama, na akakaa karibu miaka mitatu. Callaghan alimpokea Wilson 1976 kwa kura za wabunge tu. John Major alimpokea Thatcher 1990. Theresa May 2016 mpinzani wake wa mwisho, Andrea Leadsom, alijitoa. Yaani kwao hili ni jambo la kawaida sana, sema 2022 lilitushtua kwa sababu lilijirudia kabla hatujapumua.

Mkitaka kujua wabunge walivyo wakatili angalieni la Thatcher. Miaka kumi na moja na nusu Namba 10, ameshinda chaguzi tatu. Novemba 1990 Michael Heseltine, mbunge wa chama chake mwenyewe, akamchallenji, Thatcher akapata 204, Heseltine 152. Kwa akili ya kawaida kashinda, lakini kanuni ilitaka umzidi mwenzako kwa asilimia 15 ya wabunge wote wa chama, akapungukiwa kura nne. Yeye wakati huo yuko Paris kwenye mkutano wa kimataifa, akatoka nje akawaambia waandishi anaendelea raundi ya pili. Aliporudi London akawaita mawaziri mmoja mmoja ofisini kwake bungeni, na mmoja mmoja wakamwambia mama mimi nakuunga mkono ila hutashinda. Asubuhi ya tarehe 22 akatangaza kuachia. Hakuna mwananchi hata mmoja aliyeulizwa hapo.

Fundi_wa_Msimbazi

Daah hawa watu wana roho ngumu, wanakuunga mkono huku wanakufungulia mlango. Sasa wakili ile kura ya bunge zima uliyosema inatikisa serikali, imeshawahi kutokea kweli au ipo kwenye vitabu tu?

Wakili_Mtarajiwa

Imetokea mkuu, 28 Machi 1979, na ni stori tamu sana mimi huwa siichoki. Serikali ya Labour ya Callaghan haikuwa na wingi tena, Thatcher akiwa upinzani akapeleka hoja. Kila upande unahesabu vichwa. Labour walikuwa na mbunge wao mmoja, Sir Alfred Broughton, mgonjwa mahututi, na yule mzee alikuwa tayari kubebwa kwenye gari la wagonjwa mpaka uani kwa bunge, mana utaratibu wao ulikuwa mgonjwa akifika kwenye eneo la bunge anahesabiwa hata kama hawezi kuingia ukumbini. Callaghan akakataa, akasema huyu mtu anaweza kufia njiani. Na kulikuwa na mbunge huru wa Ireland ya Kaskazini, Frank Maguire, mtu ambaye bungeni haonekani, siku hiyo kasafiri mpaka London, watu wakajua kaja kuwaokoa, kumbe kaja KUTOKUPIGA KURA akiwepo mwenyewe. Matokeo: 311 dhidi ya 310. Kura moja. Callaghan akaitisha uchaguzi, Mei Thatcher akaingia. Broughton alifariki siku chache baada ya ile kura.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema kura moja haina maana mpe hiyo.

Wajerumani wao waliona hatari ya kuangusha serikali bila kujua nani anakuja, wakaandika kwenye katiba yao kifungu cha 67 kwamba huwezi kumtoa Kansela mpaka kwenye kura hiyo hiyo umtaje na kumchagua wa kumrithi. Oktoba 1982 Helmut Schmidt katoka na Helmut Kohl kaingia kwa kura moja hiyo hiyo, kazi ikaisha siku moja.

Mzee_wa_Kurasini

Vijana nawasalimu. Nimesoma uzi wote, mmeenda London, mmeenda Berlin, na jambo hili mnalo hapa hapa nyumbani wala hamlitaji.

Tanganyika ilipata uhuru 9 Desemba 1961 kwa mfumo huo huo wa Waingereza. Malkia ndiye mkuu wa nchi, Gavana Jenerali ni Sir Richard Turnbull, na Mwalimu Nyerere ni Waziri Mkuu, siyo Rais. Tarehe 22 Januari 1962, wiki sita tu baada ya bendera kupanda, Mwalimu akajiuzulu uwaziri mkuu akaenda kukijenga chama mikoani. Aliyeshika nafasi ni Rashidi Kawawa. Hakukuwa na uchaguzi mkuu, TANU ilikuwa na wabunge karibu wote, kiongozi wa chama akasema mimi naenda kule huyu atabaki hapa, Gavana Jenerali akamwapisha, siku ikaisha. Kawawa akawa Waziri Mkuu karibu mwaka mzima mpaka Jamhuri ilipokuja 9 Desemba 1962, na ndipo Mwalimu akarudi kama Rais baada ya kumshinda Zuberi Mtemvu kwenye uchaguzi wa Novemba.

Watu wazima wa wakati ule walishangaa sana, wengine walidhani kuna ugomvi. Hapakuwa na ugomvi.

Fundi_wa_Msimbazi

Shikamoo mzee. Hili la Kawawa nilikuwa nalijua juu juu tu, sikuwahi kuliunganisha na mambo ya Uingereza. Asante sana. Sasa baada ya Jamhuri tukaachana nao, si ndio? Mana Lowassa alipojiuzulu 2008 sikumbuki CCM kupigiana kura za nani arithi.

Mzee_wa_Kurasini

Marahaba. Ndiyo, tuliachana nao. Wakili amalizie, mimi macho yamechoka.

Wakili_Mtarajiwa

Shikamoo mzee na asante.

Mkuu Fundi, kwetu tofauti ipo hapa. Waziri Mkuu wa Uingereza ndo mkuu wa serikali. Wetu ni msimamizi wa shughuli za serikali za kila siku na kiongozi wa shughuli za serikali bungeni, mkuu wa serikali ni Rais. Ibara ya 51 inasema Rais anamteua kutoka wabunge wa majimbo wa chama chenye wabunge wengi, alafu Bunge linathibitisha kwa kura. Lowassa alijiuzulu tarehe 7 Februari 2008 baada ya ripoti ya kamati ya Mwakyembe juu ya kashfa ya mkataba wa umeme wa Richmond, baraza la mawaziri likavunjika lote, kesho yake Kikwete akapeleka jina la Mizengo Pinda bungeni likapita. Chama hakikushindanisha mtu. Vilevile Sokoine alipofariki Aprili 1984 Mwalimu alimteua Salim Ahmed Salim.

Bunge letu nalo lina meno, ibara ya 53A inaruhusu kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu, unahitaji saini za asilimia 20 ya wabunge wote na taarifa kwa Spika siku 14 kabla. Aprili 2012 Zitto Kabwe alizunguka na karatasi ya saini kumtoa Pinda, waliosaini ni pamoja na baadhi wa CCM. Hoja haikufika kwenye kura, ila mwezi uliofuata Rais akapangua baraza la mawaziri na wale waliokuwa wanalalamikiwa wakatoka. Pinda akabaki mpaka 2015. Karatasi tu ile bila kura ilihamisha watu.

Na hata ikipita, inamtoa Waziri Mkuu, Rais anabaki. Hapo ndo hatufanani na Uingereza hata kidogo, huko ukimtoa Waziri Mkuu umetoa mwenye nchi.

Kiprono_wa_Bonde

Sisi huku tulimaliza hiyo story na katiba ya 2010, hakuna waziri mkuu. Raila alikuwa wa mkataba wa 2008 kisha akaisha nao 2013. Lakini nauliza jambo moja kwa watetezi wa Westminster, huo mfumo wa bunge la Uingereza: na akifa? Maana sisi naibu anapanda moja kwa moja, na nyinyi Tanzania mliona Machi 2021 Makamu wa Rais akiapishwa siku mbili baada ya kifo kutangazwa. Waingereza wanafanyaje?

Mtu_wa_Reading

Hawana hiyo ya moja kwa moja. Hata anayeitwa Naibu Waziri Mkuu hana haki ya kurithi. Aprili 2020 Boris alipowekwa ICU hospitali ya St Thomas kwa corona, Dominic Raab, waziri wa mambo ya nje, aliambiwa aendeshe vikao vya baraza la mawaziri "pale inapobidi" na huku mitaani watu wakaanza kuulizana akifa inakuaje, hakuna aliyekuwa na jibu la kifungu fulani cha sheria. Jibu la kweli lilikuwa baraza lingekaa, lingempendekeza mtu wa muda, chama kingechagua kiongozi. Waziri Mkuu pekee aliyeuawa ni Spencer Perceval 1812, kwa hiyo hawajasukumwa kuandika. Mimi hili naliona ni udhaifu, nchi yenye silaha za nyuklia inategemea watu kukubaliana haraka.

Nkurunziza_Adelaide

Habari ndugu zangu, mimi Mrundi niko Australia na nasoma huu uzi nacheka peke yangu kwa basi. Uingereza mnasema wana roho ngumu? Njooni huku. Kevin Rudd alishinda uchaguzi Novemba 2007 kwa kishindo. Jioni ya tarehe 23 Juni 2010 bado ni Waziri Mkuu, asubuhi ya tarehe 24 wabunge wa chama chake cha Labor wamekaa, yeye ameona hana watu hata hakugombea, Julia Gillard ndiye Waziri Mkuu. Watu wamelala na mmoja wameamka na mwingine, hakuna wanachama, hakuna barua za siri, hakuna wiki za kampeni. Juni 2013 Rudd akarudi akamtoa Gillard 57 kwa 45. Wakaja Liberal wakasema sisi hatutafanya ujinga huo, Septemba 2015 Turnbull akamtoa Abbott 54 kwa 44, Agosti 2018 Turnbull mwenyewe katolewa, Morrison kamshinda Dutton 45 kwa 40. Huku kupiga kura ni lazima, usipopiga unapigwa faini, sasa fikiria unalazimishwa kupiga kura alafu unayemuona kwenye mabango anabadilishwa usiku.

Watu walikasirika kweli mpaka vyama vikabadilisha kanuni zao. Labor sasa kumtoa Waziri Mkuu aliye madarakani inahitaji asilimia 75 ya wabunge wa chama, Liberal wakaweka theluthi mbili kwa aliyeshinda uchaguzi. Ona sasa hiyo siyo katiba wala sheria ya bunge, ni kanuni za chama tu, wanaweza kuzifuta wakitaka.

Kwa hiyo Kiprono mimi niko upande wako nusu. Wabunge waruhusiwe kumtoa, lakini iwe ngumu.

Kiprono_wa_Bonde

Heri wewe wa Adelaide umenielewa. Swali la mwisho basi nilale. Mmesema mfalme hachagui. Na akiamua kuchagua? Hakuna kitu kilichoandikwa cha kumzuia, si mmesema wenyewe mambo yao ni ya kukubaliana?

Nkurunziza_Adelaide

Uingereza imepita karibu karne mbili, 1834 ndio mara ya mwisho mfalme kumfukuza waziri mkuu, William wa Nne alimtoa Melbourne. Lakini huku kwetu siyo zamani. 11 Novemba 1975 Gavana Jenerali John Kerr, mwakilishi wa Malkia, alimwita Waziri Mkuu Gough Whitlam wa Labor kwa nyumba yake pale Canberra. Seneti ilikuwa imezuia pesa za serikali kwa wiki kadhaa. Whitlam ameenda na barua ya kuomba uchaguzi wa nusu ya Seneti, Kerr amempa barua ya kumfukuza. Kiongozi wa upinzani Malcolm Fraser tayari yuko chumba kingine cha nyumba hiyo hiyo anasubiri, ameapishwa kuwa wa muda. Mchana wabunge wakapiga kura ya kutokuwa na imani na Fraser 64 kwa 54, wakamtuma Spika kwa Kerr kusema mrudishe Whitlam. Kerr hakumwona Spika mpaka alipokwisha kuvunja bunge. Whitlam alikuwa na wingi wa wabunge na hakumsaidia.

Uchaguzi ukafanyika 13 Desemba, na Fraser akashinda kwa mbali sana.

Kiprono_wa_Bonde

Ati alishinda??

Nkurunziza_Adelaide

Alishinda, na akakaa mpaka 1983. Wazee wa Labor huku ukiwatajia jina la Kerr mpaka leo wanaweka kikombe chini.